Misingi ya Shimolojia Fupi: Uainishaji wa Watu, Mipira na Nyudhuru katika Viwanja vya Pa Tatu

Mwanafunzi wangu, kaa wima na utoe kalamu. Elimu ya nyota ina wataalamu wake, elimu ya wadudu ina wake, na hata konokono hakukosa mtu wa kumwandikia tasnifu. Lakini mtu mzima atokaye nyumbani Jumamosi asubuhi na fimbo tatu na mipira minne, akaenda kwenye kiwanja kifupi cha gofu kisicho na shimo hata moja linalozidi pa tatu, akarudi adhuhuri na fimbo tatu na mpira mmoja, kisha akaulizwa “Vipi huko?” akajibu “Ah, nilikuwa nafanya mazoezi tu,” mtu huyo hadi leo hana msomi wa kumfafanua. Pengo hilo katika maarifa ya binadamu ni la aibu. Nimejitolea kuliziba.

Taaluma ninayoiasisi naiita Shimolojia. Tawi litakalotushughulisha ni Shimolojia Fupi. Shimolojia Ndefu, yaani ile ya mashimo ya pa nne na pa tano, ina wachapishaji wake, ina televisheni yake, na haihitaji msaada wangu.

Fasili ya 1. Kiwanja cha pa tatu ni eneo lenye mashimo, aghalabu 9 au 18, ambamo kila shimo mchezaji stadi hutarajiwa kulimaliza kwa mipigo mitatu: mmoja wa kuufikisha mpira kwenye grini, yaani ule uwanda wa nyasi zilizonyolewa hadi karibu na ngozi ya ardhi, na miwili ya kuusukuma hadi utumbukie. Pa, yaani idadi ya mipigo inayotarajiwa, ya mashimo 9 ni 27. Ya 18 ni 54. Andika namba hizo mahali pa heshima.

Fasili ya 2. Shimo ni uwazi wa mviringo wenye kipenyo cha milimita 108. Mpira, kwa mujibu wa sheria, hauruhusiwi kuwa na kipenyo kilicho chini ya milimita 42.67. Hesabu mwenyewe: mipira miwili inaweza kuingia shimoni bega kwa bega na bado ikabaki nafasi ya milimita 22 na ushei. Kwa mantiki hiyo shimo si dogo. Yeyote anayekuambia kwamba shimo ni dogo anatoa udhuru, na nyudhuru zina sehemu yake hapo mbele. Usiniharakishe.

Ulimwengu ulichelewa mno kuutambua uzito wa somo hili. Hadi mwisho wa 2023, mfumo wa kimataifa wa handikapu, yaani ile namba inayokua kadiri mchezaji anavyozidi kuwa dhaifu, haukukubali hata kupima rasmi ugumu wa kiwanja cha mashimo 18 kilichopungua yadi 3,000. Mwaka 2024 kiwango hicho kilishushwa hadi yadi 1,500, na kwa mashimo 9 hadi yadi 750. Wanahistoria watakaotufuata wataigawa karne hii katika vipindi viwili, kabla na baada ya tendo hilo, na wakikosea watasahihishwa na wanafunzi wangu.

Sasa tuingie kwenye kiini. Kila mchezaji wa kiwanja kifupi ukimuuliza langoni amekuja kufanya nini, atakupa jibu moja kati ya mawili: kujifurahisha au kufanya mazoezi. Watafiti wavivu wameyachukua majibu hayo kama yalivyo na kuwagawa wachezaji katika makundi mawili. Hilo ni kosa la kimbinu la kutisha. Uchunguzi wa makini unadhihirisha kwamba langoni mchezaji hajui. Hawezi kujua. Hapo ndipo inapotoka Kanuni ya Kwanza ya Shimolojia Fupi, ambayo utaikariri kabla hujalala:

Hadhi ya mpigo huamuliwa baada ya mpira kutua.

Mpira ukitua grini karibu na bendera, mtu huyo alikuwa anacheza, tena kwa dhati, na alama inaandikwa kwa wino. Ukitua bwawani, alikuwa mazoezini. Kuelewa muujiza huu, tofautisha vitu vitatu ambavyo lugha ya mtaani huvichanganya. Mpigo-nia ni ule uliomo kichwani kabla fimbo haijaondoka: mpira unapaa, unapinda kidogo kushoto kwa ustaarabu, unashuka, unarudi nyuma hatua moja. Mpigo-tukio ni ule unaoonekana kwa macho ya viumbe wengine. Mpigo-simulizi ni ule unaopatikana mezani baada ya chai na sambusa. Umbali kati ya mpigo-nia na mpigo-tukio huitwa pengo la nia-tukio, nao hupimwa kwa mita. Umbali kati ya mpigo-tukio na mpigo-simulizi hauna kipimo kilichokubaliwa.

Usidhani hii ni falsafa tupu. Kanuni za gofu zenyewe, zinazotungwa kwa pamoja na vyombo viwili, kimoja cha St Andrews kule Uskoti na kimoja cha Marekani, zinafasili mpigo kuwa ni mwendo wa fimbo kwenda mbele unaofanywa ili kuupiga mpira. Tazama hilo neno “ili”. Ukitia nia ukaukosa mpira kabisa, ukakata hewa mbele ya watu, umehesabiwa mpigo. Usipotia nia, ukawa unajinyoosha tu, na fimbo ikaugusa mpira ungali juu ya kijiti chake pale pa kuanzia, hukuhesabiwa kitu. Unaurudisha kijitini kwa utulivu. Na ukianza kuteremsha fimbo kisha ukaghairi na kuisimamisha kabla ya kufika, huo nao si mpigo. Wanafunzi waliopitia madrasa watakuwa wepesi katika sura hii, kwani walishafundishwa mapema kwamba matendo hufuata nia. Tatizo la kitaaluma ni kwamba nia ya mwanagofu huonekana ikibadilika wakati fimbo ipo nusu ya safari.

Kutokana na msingi huo tunapata uainishaji wa watu.

Aina ya 1: Mzoezi-Mrejeshi. Wengi ni wa aina hii. Anatangaza mazoezi kwa kurejesha nyuma, kama nilivyoeleza. Wapo wa tabaka tatu, na usipowatofautisha utafeli. Mrejeshi wa Hewani hutangaza mpira ungali unaruka: “Hii nilikuwa najaribu tu fimbo.” Huyu ana kipaji cha kuona mbali, kwani amejua mwisho wa mpira kabla mpira wenyewe haujajua. Mrejeshi wa Njiani hutangaza wakati anatembea kuelekea bwawani, kwa kawaida kwa sauti ya chini na akiwa amegeuza uso. Mrejeshi wa Kadi hasemi kitu hadi shimo la tisa. Hapo huitazama kadi yake ya alama, hujumlisha mara mbili, kisha huikunja katika nne na kusema kwamba leo hakuja kuhesabu. Nasisitiza kwamba kadi hukunjwa katika nne. Ikikunjwa katika mbili mtu huyo bado ana matumaini, na ni wa aina nyingine ambayo haijaandikwa.

Aina ya 2: Mpimaji. Ana darubini ya miale inayomwambia kwamba bendera ipo mita 87. Anaitazama tena: 86. Anabadilisha fimbo. Anapiga mita 60.

Aina ya 3: Mwalimu Asiyeombwa. Silaha yake ni sentensi moja, “Umeinua kichwa.” Nimeitafakari sentensi hii kwa muda mrefu kuliko inavyostahili mwanadamu mwenye afya, na nakiri kwamba ni jengo la kimantiki lisilobomoleka. Kila mchezaji huinua kichwa wakati fulani, la sivyo asingejua mpira umekwenda wapi, na angetembea hadi nyumbani akiwa ameinama. Basi shutuma hiyo ni ya kweli siku zote na haimsaidii mtu siku yoyote. Mwalimu Asiyeombwa mwenyewe huwa na handikapu kubwa kuliko ya mwanafunzi wake. Ikiwa ndogo kuliko hiyo, hunyamaza.

Aina ya 4: Mwenye Pa Yake. Hapa inatulazimu tusafiri hadi Long Beach, California, kwenye kiwanja kiitwacho Heartwell, mashimo 18 yote ya pa tatu, pa 54, ambako watu hucheza hata usiku chini ya taa. Huko ndiko Tiger Woods alikofunzwa akiwa mtoto mdogo na mwalimu Rudy Duran. Kwa kuwa mtoto hakuwa na nguvu ya kuufikisha mpira grini kwa mpigo mmoja, Duran alimtungia pa yake mwenyewe, inayolingana na umbali alioweza kuupiga. Watu wameisoma habari hii kama hadithi ya malezi. Mimi naiona ni uvumbuzi wa Nadharia ya Uhusianifu wa Pa. Pa si ya ardhi. Pa ni ya mtu. Bahati mbaya nadharia hii imeangukia mikononi mwa umma, na leo utamkuta mtu wa miaka hamsini na mbili, mwenye mabega mapana na kampuni ya usafirishaji, akisema kwamba kwa upande wake shimo la mita 95 ni pa tano. Nadharia haikukusudiwa kwake. Lakini sioni namna ya kumkanusha, na kwa hiyo ana aina yake.

Aina ya 5: Mfurahi Halisi. Ni nadra. Walio wengi wana umri chini ya miaka minane.

Mahali pazuri pa kumchunguza Mfurahi Halisi ni Augusta, Georgia, Jumatano ya kabla ya mashindano ya Masters. Kando ya uwanja mkubwa upo mwingine mdogo wa mashimo 9, pa 27, na tangu 1960 hufanyika hapo shindano dogo la wachezaji wakubwa. Watoto na wajukuu huvaa mavazi meupe ya kedi, yaani mbeba mikoba, yanayoburuta chini. Wachezaji wengi humpa mtoto fimbo asukume mpira badala yao, na kwa tendo hilo hujiondoa wenyewe kwenye ushindani, huku wakicheka. Mwaka 2016 Jimmy Walker alimaliza mashimo hayo tisa kwa mipigo 19, nane chini ya pa, rekodi ya shindano. Sasa sikiliza vizuri. Hakuna mtu hata mmoja, tangu 1960, aliyeshinda shindano hilo la Jumatano kisha akashinda Masters mwaka huohuo. Raymond Floyd alikaribia kabisa mwaka 1990: alishinda Jumatano, na Jumapili akafika hadi mashimo ya ziada ya kuamua bingwa, akashindwa na Nick Faldo. Watu wasio na elimu huliita jambo hili nuksi. Katika Shimolojia tunaliita Sheria ya Mgawo Mmoja: mtu hupewa furaha ya wiki kwa kipimo, na aliyeimaliza Jumatano hana akiba ya Jumapili. Hii ndiyo sababu, nakushauri, usiwahi kucheza vizuri mara ya kwanza katika wiki.

Nimeiacha Aina ya 6 kwa makusudi, maana ndiyo taji la taaluma yetu: Mwenye Mpira wa Pili.

Tabia yake inajulikana. Mpira wa kwanza unakwenda upande. Bila kusogea, bila hata kuvuta pumzi, mkono unaingia mfukoni, unatoka na mpira mwingine, nao unawekwa kijitini. Anaupiga huu wa pili kwa ulegevu wa ajabu, na mpira unapaa, unapinda kushoto kwa ustaarabu, unashuka, unarudi nyuma hatua moja. Kwa mara ya kwanza mpigo-nia na mpigo-tukio vimekutana. Swali la kitaaluma: mpira huo wa pili ni kitu gani?

Kisheria jibu ni kali. Katika shindano la kuhesabu mipigo, ukisema ni wa mazoezi umefanya kosa, kwani mipigo ya mazoezi katikati ya shimo imekatazwa, na adhabu yake ni mipigo miwili. Ukisema ni mpira wa tahadhari, uliopigwa kwa sababu ule wa kwanza huenda umepotea, ni halali, lakini uwe umelitangaza hilo kabla ya kuupiga. Na hauruhusiwi ikiwa kila mtu ameona mpira wa kwanza ukizama bwawani kwa macho yake. Ukinyamaza tu ukapiga, basi huo ndio mpira wako sasa, wa kwanza umekufa, nawe umekwisha kupiga mpigo wa tatu, kwa sababu wa pili ulikuwa adhabu.

Katika kiwanja kifupi cha Jumamosi hakuna hata moja kati ya hayo matatu linalotokea. Mpira wa pili unaishi katika hali ya nne ambayo nimeipa jina la umelea. Haumo mchezoni wala haupo nje ya mchezo. Unaelea, ukisubiri kuona mwenyewe atauhitaji kwa kazi gani. Ukitua vizuri utakuwa ushahidi: “Unaona? Najua kupiga.” Ukitua vibaya utafuatiwa na wa tatu. Upo ukomo wa jambo hili, nao ni mfuko.

Kutokana na umelea huzuka mtanziko mgumu kuliko yote katika fani. Tuseme mpira wa kwanza umezama. Wa pili, kutoka palepale, unapaa na kutumbukia shimoni moja kwa moja. Watu wanapiga kelele. Je, mtu huyu ametumbukiza kwa mpigo mmoja? Kisheria amemaliza kwa mipigo mitatu. Ni pa. Pa ya kawaida kabisa, ya mtu aliyefika grini salama na kusukuma mara mbili bila kelele. Mkumbuke Gene Sarazen, aliyekuwa na miaka 71 mwaka 1973, alipolimaliza kwa mpigo mmoja shimo la nane la Royal Troon huko Uskoti, shimo linaloitwa Stempu kwa udogo wa grini yake, tena katika mashindano ya The Open. Sarazen alitumia mpira wa kwanza. Mwenye Mpira wa Pili ameona mruko uleule, kishindo kilekile, na amepewa namba ya karani. Nimewashuhudia watu wakiibeba namba hiyo kwa uchungu miaka mingi. Mpigo-simulizi huwaponya kwa kuondoa mpira wa kwanza katika masimulizi, taratibu, mwaka baada ya mwaka.

Hapa hatuna budi kumzungumzia shahidi. Viwanja vifupi vingi vya Marekani aghalabu havina kedi; mtu hubeba mkoba wake na hubaki peke yake na dhamiri. Afrika Mashariki tuna kedi, na kedi ameona. Si wachache kati ya wanagofu wa kulipwa wa ukanda huu walioanzia kwenye kubeba mikoba ya wengine, kwa hiyo macho yanayokutazama ukiwa umechukua fimbo isiyofaa ni macho ya mtaalamu aliyekatazwa na adabu kusema. Kimya chake kina madaraja. Katika kimya cha daraja la kwanza kedi anautazama mpira unavyokwenda. Katika daraja la pili anaitazama fimbo. Katika daraja la tatu anaanza kusafisha mpira mwingine wakati wa kwanza haujatua. Akisema neno, huwa ni “Pole mkubwa, upepo huo,” nayo bendera imelala chini bila kutikisika. Huo ni upepo wa heshima, na vipimo vya hali ya hewa haviupati.

Nyudhuru, kama nilivyoahidi, zimegawanyika katika za mbinguni (jua, upepo, adhana iliyoanza ghafla), za ardhini (nyasi, kichuguu), za kifimbo, na za kimwili, ambazo siku hizi zimehamia kwenye kiuno. Zote ni za daraja la chini kwa sababu zinajitangaza zenyewe. Udhuru wa daraja la juu ni ule wenye kibali. Kilele chake kipo Jinja, Uganda. Uwanja wa Jinja si wa pa tatu tupu, lakini sayansi haibagui ushahidi. Huko kanuni ya mahali imepata sifa ulimwenguni kwa kumruhusu mchezaji kuuokota mpira wake bila adhabu ukiwa umetua ndani ya unyayo wa kiboko. Fikiria amani ya moyo ya mtu huyo. Hahitaji kusema alikuwa mazoezini. Kiboko amemsemea.

Kwa upande wa kinyume lipo shimo la kumi na tisa la kituo cha Legend, jimbo la Limpopo, Afrika Kusini. Ni pa tatu. Unapelekwa kwa helikopta hadi juu ya mlima Hanglip, na unapiga mpira kuelekea chini bondeni kwenye grini yenye umbo la bara la Afrika. Hakuna udhuru wa ardhini unaofaa pale, kwa kuwa ardhi ipo mbali mno. Nimependekeza, bila kujibiwa, kwamba mipira inayosimama grini iandikwe kwa mahali ilipotua, ili mtu aseme amebakiza msukumo mmoja kutoka Tabora, na mwenzake aliyetua juu kidogo ya Khartoum apewe muda wa kupumzika.

Umefika mwisho wa mhadhara. Funga daftari; sasa ni mtihani, nao una swali moja la lazima.

Mtafitiwa wa Aina ya 6 amesimama kwenye shimo la tatu, mita 80. Mpira wa kwanza umeonekana na wote ukizama bwawani. Bila kutamka neno amepiga wa pili kutoka palepale, nao umesimama grini, sentimita arobaini kutoka shimoni. Tumbili ametokea mwembeni, ameuchukua mpira huo na kupanda nao. Kedi amegeukia upande mwingine, mabega yanatikisika. (a) Mpira urudishwe wapi, na mpigo unaofuata ni wa ngapi? (b) Mtikisiko wa mabega ya kedi ni kimya cha daraja lipi, au ni daraja jipya? Tetea jibu lako. (c) Je, mtafitiwa alikuwa mazoezini? Ukijibu “ndiyo” au “hapana”, eleza ni kuanzia dakika ipi. (d) Kwa alama za ziada, muainishe tumbili.

Muda ni dakika tatu, sawasawa na zile unazoruhusiwa kuutafuta mpira uliopotea tangu kanuni zilipobadilishwa 2019. Anza.